Sungura na boflo, hapana bibie

Bibie, kwa ulivyoeleza huyo sungura wa mwanao anashindia boflo, yaani mkate, na makombo ya wali, ndo mana choo kimekuwa laini na kinanuka, tumbo lake si la wanga kabisa. Chakula chake khasa ni majani, mengi, mchana na usiku, ukoka mkavu ndo mzuri zaidi kwa sababu meno ya sungura hayaachi kuota maisha yake yote na bila kutafuna vitu vya nyuzinyuzi yanarefuka mpaka anashindwa kula. Usikate pembeni ya barabara wala palipopigwa dawa. Matembele mpe, mchicha kidogo, karoti kipande tu maana ina sukari. Kisamvu kibichi usithubutu, kina sumu, na embe mafuta, yaani parachichi, pia (majani yake ndo balaa zaidi). Maji yawepo muda wote, na joto hili la Unguja!

Ukimuona anakula vinyesi vyake vile laini vilivyoshikana kama kichala usimzuie, ndo maumbile yake. Ila akigoma kula na choo hakitoki tokea asubuhi mpaka jioni, usingoje kesho, mpeleke kwa daktari wa mifugo.