Mkokoteni wa Upinde wa Kutolea Magogo Shambani

SWALI: Nina shamba la mikaratusi kwenye mteremko karibu na Fort Portal. Vijana huyaburuta magogo kwa kamba hadi barabarani, na yanapofika huwa yamejaa udongo na changarawe, jambo ambalo mwenye mashine ya kupasulia mbao hulilalamikia kwa kuwa huharibu misumeno yake. Nimesikia habari za mkokoteni wa magurudumu mawili wenye upinde unaoliinua gogo. Je, fundi wa kuchomelea anaweza kuutengeneza, na gogo lote linapaswa kuinuliwa lisiguse chini?
Msomaji, Kabarole

JIBU: Fundi yeyote anayetengeneza mageti anaweza kuutengeneza, mradi aelewe kwamba mhimili wake haunyooki kutoka gurudumu moja hadi jingine, bali hupanda juu kama upinde ili gogo lipate kupita katikati. Kwenye upinde huo huungwa mpini mrefu unaoelekea mbele. Mpini ukisimamishwa wima, upinde hulala kwa nyuma juu ya gogo. Hapo mnyororo hufungwa kwa kubana, kisha mpini huvutwa chini na gogo hunyanyuka.

Vipimo hutegemea uzito. Gogo la mkaratusi lenye kipenyo cha sentimita 30 na urefu wa mita 4 lina ujazo wa takriban mita za ujazo 0.28, na likiwa bichi huweza kufikia kilo 280. Ukilifunga theluthi moja kutoka mbele, mnyororo utabeba kama kilo 210, kwa kuwa sehemu iliyobaki hubebwa na mkia ulio ardhini. Ikiwa kilele cha upinde kiko sentimita 40 juu ya kitovu cha magurudumu, na mpini una mita 2.4, nguvu yako huzidishwa mara 6, kwa hiyo mvuto wa kilo 35 hivi unatosha kuanza kuliinua. Watu wengi huufupisha mpini ili kuokoa bomba, ilhali hapo ndipo pasipofaa kubana matumizi.

Magurudumu ya baiskeli yasahau kabisa, na hata ya pikipiki siyapendi, kwa sababu spoku zake hazikuundwa kuhimili mzigo unaosukuma kwa ubavu kwenye mteremko. Tafuta magurudumu ya gari dogo kuukuu pamoja na beringi zake. Wenye karakana za Katwe jijini Kampala wana vyuma vya namna hiyo tele. Upinde uwe wa bomba nene la chuma, nayo miguu yake itiwe vyuma vya mshazari, kwani inapolala huku imebeba gogo ndipo hupindika kwa urahisi. Bomba likiwa limepakwa zinki, fundi alisugue hadi zinki itoke kabla ya kuchomelea, kwa kuwa moshi wake ni sumu.

Ama kuhusu kuliinua gogo lote, kwa shamba la mteremko nakushauri usifanye hivyo. Mkia unaoburuzika ndio breki yako ya pekee, kwa kuwa mkokoteni wenyewe hauna nyingine, na gogo linaloning'inia lote huusukuma mkokoteni dhidi ya anayeuvuta. Udongo utashika mkia tu, ambao husafishwa kwa brashi ya waya kabla ya kupasua. Wasomaji wa Teso, ambao wana maksai na ardhi tambarare, wanaweza kuliinua zaidi bila hofu kubwa.

Ncha ya mbele ya gogo ifungwe kwenye mpini ili isicheze. Unapovuta mpini chini, simama ubavuni, wala usiuinamie kwa kifua, kwa sababu mnyororo ukiteleza mpini huruka juu kwa nguvu. Mnapoteremka, wawili washike kamba zilizofungwa nyuma, na asiwepo mtu upande wa chini wa mzigo isipokuwa anayeongoza mpini, naye awe tayari kuuachia na kukimbilia pembeni. Mahali ambapo mtu hawezi kushuka bila kushika miti, mkokoteni huu haufai. Gogo hilo lipasulieni hapo hapo, mtoe mbao kwa mabega.