Re: Nimemaliza chuo nataka kuhama, niende benki au nibaki IT?

Mkuu kama kweli unawaza Kanada au Ujerumani, mi ningebaki na hiyo kazi ya IT hata kama benki wanalipa zaidi kidogo sasa hivi. Uuguzi, udaktari, sheria, zote kule zina bodi zake, cheti chako kinakaguliwa upya na mitihani juu, na mwanasheria ndo anaumia zaidi maana sheria alizosoma ni za nchi yake. IT haina mlolongo huo, na Ujerumani tangu 2023 mtu wa IT anaweza kupata Blue Card (kibali cha kuishi na kufanya kazi kwa wenye ujuzi) hata bila digrii akiwa na uzoefu wa miaka 3.

Ila jambo kubwa ni makaratasi. Kanada kwenye Express Entry (mfumo wao wa kuomba ukaazi wa kudumu) njia ya wafanyakazi wenye ujuzi wanataka uzoefu wa kazi wa angalau mwaka 1 mfululizo, masaa 1,560, na barua ya mwajiri ioneshe majukumu, masaa na mshahara. Rafiki yangu barua yake ilikuwa na cheo na tarehe tu, bosi kashahama, akahangaika miezi kuitafuta nyingine, iliniuma sana. We omba yako kabla hujaondoka kazini. Na IELTS (mtihani wa Kiingereza) usikimbilie, majibu yanakaa miaka 2 tu.