Mama, muulize mwanao kilichotangulia unga

Juzi mama mmoja wa Makorora kaniandikia: mwanawe katoka soba hausi, ile nyumba ya kuachia unga, yaani heroini; Idi haijapoa kesharudi maskani kwa wavutaji. "Huyu ana nini?"

Mama, mimi nauliza alipatwa na nini kabla ya unga.

Kaka yangu alikuwa akivua kwa baruti, kama wengi pwani yetu ya Tanga enzi zile. Siku hiyo ilimlipukia mkononi. Nilikuwa mtumbwi uleule, mtoto wa madrasa. Tukazika, tukasoma hitima, nikaambiwa mwanaume halii. Kila usiku mlipuko ukawa unarudi masikioni. Kete ya kwanza ya unga ilinipa usingizi ambao hakuna mtu aliyewahi kunipa.

Soba walinivusha arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga, nawashukuru. Ila hakuna aliyeuliza habari za mtumbwi. Niliitwa mkaidi mbele ya wenzangu, na mpaka leo linaniuma. Heroini ndiyo iliyokuwa ikizima ile hofu. Ilipotoka mwilini, hofu ikaamka na nguvu zake zote. Ningekimbilia wapi?

Mwaka 1998 madaktari wa Marekani, Vincent Felitti na Robert Anda, walichapisha utafiti wa watu wazima zaidi ya 9,000. Waliopitia madhila ya utotoni ya aina nne au zaidi, hatari yao ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua ilikuwa mara 4 hadi 12 ya wasiopitia hata moja. Sasa mtu aniambie ni ukaidi!

Kilichonitoa ni methadoni, dawa ya kliniki inayoshika nafasi ya heroini, na mshauri kwa pamoja. Asubuhi nakunywa dozi mbele ya nesi, arosto inatulia, kisha naingia kwa yule dada mshauri. Nikianza kutetemeka ananiambia kanyaga sakafu, taja unavyoviona: feni, kalenda, ndoo ya maji. Nikitulia tunaendelea na mtumbwi pale tulipoishia. Hakusema nipone unga kwanza ndipo tuzungumze, na leo nalala bila kete.

Wazazi, acheni kumwita teja mtoto mliyemzaa. Acheni kumtangaza kwa majirani. Mpelekeni kliniki ya methadoni, mkaulize kama wanatibu na kiwewe, lile jeraha la moyoni linaloachwa na tukio la kutisha. Kama hawatibu, ombeni rufaa kwa daktari wa afya ya akili huku dozi ikiendelea. Wala msimweke kikao cha wajomba aeleze yaliyompata. Atayasema kwa anayejua kuyapokea, siku akiwa tayari.