Usizime arifa, soma vichwa vyake

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba amechoka, amezima arifa zote za barua pepe za GitHub, tovuti ambako watengeneza programu huhifadhi na kukaguana msimbo, na sasa "anapumua". Ndugu yangu, hujapumua, umeziba masikio. Siku wenzako watakapokungoja ukague msimbo wao, utanielewa.

Mimi nilishaitwa mvivu mbele ya timu nzima na kiongozi wangu wa zamani, eti sijibu barua pepe. Hakutaka kujua kwamba mfumo ulikuwa ukinimwagia barua kwa kila maoni, kila jaribio lililofeli, kila roboti iliyopandisha toleo la maktaba fulani. Neno lile linaniuma mpaka leo. Ila ndilo lililonisukuma kufungua ujumbe asili, wenye vichwa vya barua, yale maandishi ya kiufundi yasiyoonekana mpaka uyatafute, nikakuta dawa ilikuwamo humo siku zote.

Wengi huchuja kwa mada. Kazi bure! Mada huandikwa na binadamu, kila mmoja kwa mtindo wake. Mtumaji naye ana anwani ileile kwa kila kitu. Kichwa cha X-GitHub-Reason ndicho kinachosema kwa nini barua imekujia: review_requested, umeombwa kukagua, mention, umetajwa, subscribed, unafuatilia tu mradi ule. Mbili za kwanza zibaki kwenye kikasha. Ya tatu iende folda yake, utaipitia ukipata nafasi (mimi sipati, na hakuna kilichoharibika). GitLab, tovuti nyingine ya kazi hiyohiyo, nao wana X-GitLab-NotificationReason.

Gmail haikuruhusu kuchuja kichwa chochote utakacho, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Lakini GitHub huiweka sababu hiyohiyo kwenye sehemu ya nakala (Cc), kwa anwani kama mention@noreply.github.com, na hiyo Gmail inaichuja vizuri tu. Kutenganisha miradi, tumia List-ID, kichwa kinachotaja mradi barua ilikotoka, chenye kanuni rasmi tangu 2001. Kwenye Gmail andika list: ikifuatwa na jina lililomo kwenye kichwa hicho. Kama seva yako ya barua inakubali Sieve, lugha ya kuandikia vichujio, una bahati, humo unachuja kichwa chochote.

Siku hizi vijana wa timu huniuliza nawezaje kujibu upesi hivi. Nawaambia wafungue ujumbe asili wasome. Hawasomi! Wanatafuta programu ya kulipia iwasomee. Acheni uvivu.

Nawe msomaji wangu, tengeneza kwanza kichujio cha review_requested, ndipo uwashe arifa zako upya.