Ankara ya simu na saa za intaneti

SWALI: Ndugu Mhariri, mwaka huu wa 1999 tumenunua kompyuta hapa nyumbani ili watoto wapate kujisomea, nasi tuwasiliane na jamaa zetu walioko Unguja na Muscat kwa barua pepe. Tulijiunga na huduma isiyo na ada ya mwezi, tukaambiwa kuwa ni bure. Ankara ya simu ya miezi mitatu ilipofika, pauni 120 zilikuwa za namba moja tu, ile ya 0845 ya intaneti. Mdogo wangu aliyeko Marekani ananishangaa, kwani yeye huiacha laini wazi mchana kutwa. Je, tufanyeje kabla baba watoto hajaiuza kompyuta yenyewe?
Msomaji, Coventry

JIBU: Dada, kilicho bure ni ada ya mwezi, simu unailipa wewe. Freeserve, huduma ya intaneti iliyoupa umaarufu mtindo huu hapa Uingereza tangu Septemba 1998, haitozi ada kwa sababu hupata fungu lake katika fedha unazolipia kila dakika ya simu, na wengi waliofuata hufanya vivyo hivyo. Basi usitegemee kwamba mwenye huduma atakukumbusha kukata simu. Mdogo wako naye hakosei kwa huko aliko: Marekani nyumba nyingi hulipia simu za karibu kwa mkupuo wa mwezi, na kampuni ya intaneti ya AOL tangu Desemba 1996 inatoza bei moja kwa mwezi bila ya kuhesabu saa. Hapa petu kila dakika inahesabiwa.

Jambo la kwanza kutazama ni saa. Namba za 0845 hutozwa kama simu ya karibu, na kwa laini ya kampuni ya simu ya BT hiyo ni karibu peni 4 kwa dakika kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Jioni na usiku ni kiasi cha peni 1.5, na Jumamosi na Jumapili ni peni 1. Saa moja ya Jumanne mchana, kwa hiyo, inakutoka pauni 2.40, na saa hiyo hiyo ikingoja Jumamosi ni peni 60. Pauni zako 120 ni sawa na saa 50 za mchana; saa hizo hizo 50 zingefanywa mwisho wa wiki zingekugharimu pauni 30, kabla hujapunguza hata dakika moja.

Pili ni dakika zenyewe, na hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Jamaa yangu mmoja nilimtazama akiandika barua katika ukurasa wa barua pepe, saa 5 asubuhi, laini ikiwa wazi: aliandika kwa kidole kimoja, akaenda kutazama chungu jikoni, akarudi, akafuta mistari miwili, akaanza upya. Zilipita dakika 34, na barua ya mistari tisa ikagharimu zaidi ya pauni 1.30, kupita stempu ya ndege ya barua hiyo hiyo. Iwapo mwenye huduma wako amekupa anwani ya barua pepe, itumie kwa programu kama Outlook Express: andika barua zako zote simu ikiwa imekatwa, kisha piga mara moja, zitume na upokee zilizokuja. Katika mipangilio ya programu hiyo kuna kisanduku cha kutia alama ili simu ikatwe yenyewe kazi ikimalizika. Kitie alama leo.

Magazeti ya nyumbani nayo hayahitaji laini wazi wakati wa kuyasoma. Fungua kurasa unazozitaka, zisubiri zijae, kata simu, ndipo ukae uzisome kwa raha zako. Ukizima picha, ukurasa wa maneno matupu hufika kwa sekunde chache hata kwa modemu ya pole, yaani kile chombo kinachoiunganisha kompyuta na laini ya simu. Lakini usikate na kupiga kila baada ya muda mfupi, kwa sababu kila simu ina bei ya chini ya peni 5, ambayo Jumapili ni sawa na dakika tano nzima. Mimi hukusanya shughuli zangu zote na kupiga mara mbili kwa siku.

Mwisho, iandikishe namba ya intaneti katika mpango wa BT wa Friends & Family, unaotoa punguzo la asilimia 10 kwa namba kumi unazozichagua. Si nyingi, ila kujiunga hakulipiwi.

SWALI: Kila mtu anapotupigia simu, intaneti yetu hukatika katikati ya kazi, nasi hulazimika kuanza upya. Modemu ni mbovu?
Msomaji, Leicester

JIBU: Huenda ni mzima kabisa. Bila shaka mna huduma ya simu ya kusubiri, inayokujulisha kwa mlio kuwa mtu mwingine anapiga, na ile milio yake ndiyo inayoivuruga modemu. Kabla ya kuunganisha, nyanyua simu ubonyeze #43#. Ukimaliza, *43# itairudisha. Tatizo likibaki, chunguza kama kuna mtoto anayenyanyua simu ya ghorofani.