Re: Kamati ya maadili ya chuo inawasaidia vipi wanyama wa maabara?

Mkuu umeuliza kama hizi kamati za maadili zinazopitia tafiti za wanyama chuoni ni za kupiga muhuri tu. Hapana bwana, ukipeleka andiko lako la utafiti wanakubana kwanza kwa nini utumie mnyama kabisa, maana msingi ni zile kanuni tatu za wanasayansi wa Uingereza Russell na Burch za 1959, tafuta mbadala, punguza idadi, punguza maumivu. Ukiandika panya 60 wanataka hesabu kwa nini 40 hawatoshi, ganzi gani utatumia, na utasitisha jaribio lini mnyama akizidiwa (hapo ndo wengi tunakwama). Marekani lazima kwenye kamati awemo daktari wa wanyama na mtu wa nje ya chuo, na mabanda yanakaguliwa kila miezi 6. Shida ninayoiona mimi, wajumbe wengi ni watafiti wenzako, so kukataliwa moja kwa moja ni nadra, unarudishiwa tu urekebishe.