Enkoda inazunguka, hesabu haisogei

Swali: Nimeunga enkoda (kihisi cha mzunguko wa shafti) ya mapigo 600 kwa mzunguko, aina ya NPN yenye kolekta wazi, kwenye kaunta ya volti 5 ya moduli ya kukusanya data. Nikizungusha shafti hesabu inabaki sifuri. Nikigusa waya inaruka ovyo. Imeungua?

Jibu: Haielekei. Kuruka ukigusa waya maana yake ingizo linaelea, yaani hakuna kinacholishikilia kwenye volti maalumu. Transista ya NPN huivuta laini chini tu, haiwezi kuipandisha. Enkoda ina nyaya mbili za mapigo, A na B. Funga rizista ya kiloomu 4.7 kati ya A na volti 5, na nyingine kwa B. Hata kama enkoda inatumia volti 24, rizista zisiguse 24 hizo, utaua ingizo. Kisha unga 0V ya pawasaplai ya enkoda na graundi ya moduli. Hii ndiyo husahaulika mno.

Weka mita kwenye A, zungusha shafti taratibu kabisa: isome karibu 0, kisha karibu 5. Rangi za waya usiziamini, soma lebo.

Kwenye programu chagua X4, yaani kuhesabu kila kupanda na kushuka kwa A na B, mara nne kwa pigo. Mzunguko mmoja utoe 2400. Hesabu ikicheza kati ya namba mbili tu, B haifiki. Ikirudi nyuma, badilisha A na B.